Acha Nafasi ya Mtu Kuanguka

Ninaikumbuka siku ile kwa vumbi lake, mwanangu. Kiangazi kilikuwa kinakwisha, mvua ya kwanza bado kunyesha, na barabara ya Kaniama ilikuwa imekauka mpaka mchanga wake ukawa laini kama unga wa muhogo. Mimi Banza, kijana wa miaka ishirini na miwili, nilikaa nyuma ya usukani wa kamio, lori la mizigo, nikijiona nusu mfalme. Wewe mjukuu wangu unanijua mzee wa fimbo, anayeuliza chumvi iko wapi nayo iko mbele ya pua yake. Wakati ule hukunijua. Kofia nimeilaza upande, shati nimefungua vifungo viwili, na upepo wote wa Kamina ulikuwa wangu.

Mama yako ameniambia umepata permi yako, ile karatasi ya ruhusa ya kuendesha gari. Hongera, nimefurahi, tena nimefurahi kweli. Lakini ameniambia pia kwamba jana ulimpeleka sokoni kwa gari, na kwamba wenye baiskeli walikuwa wakirukia majanini ulipopita, na wewe ukicheka. Hapo ndipo nikaomba uitwe. Usikunje uso. Kaa, kunywa chai yako. Sikukuita nikugombeze. Nataka nikuambie jambo ambalo sijawahi kulisimulia bila kuona aibu, ingawa mwisho wake ulikuwa mzuri.

Baba yangu alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kutia grisi magurudumu ya mabehewa, na alitamani nami nifuate njia hiyo hiyo, kwa sababu, alisema, treni haina haja ya kumpita mtu. Nilimcheka. Treni huenda inakopelekwa na vyuma. Mimi nilitaka kugeuza usukani kwa mikono yangu mwenyewe. Basi nikaingia kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa na makamio mawili ya kuleta mahindi kutoka upande wa Kaniama mpaka stesheni ya Kamina. Huko nikafundishwa kuendesha na shofa wake mkubwa, Baba Kalenga.

Baba Kalenga alikuwa mfupi, hata ikambidi akalie mto ili aione barabara. Maneno yake yalikuwa machache, na mbele ya kioo alikuwa ametundika rozari. Jambo lililonichosha kwake kuliko yote ni jinsi alivyowapita wenye kinga. Kinga, ndivyo tulivyoiita baiskeli kwetu, na ndivyo tunavyoiita mpaka leo. Akimwona mwenye kinga kule mbali kabisa, bado mdogo kama kunguru, anapiga honi mara moja, fupi. Basi. Kisha anapunguza mwendo. Kama njia ni nyembamba, au kuna kona, au daraja, anabaki nyuma yake anatambaa naye, hana habari na jua wala na mimi niliyekuwa ninapumua kwa hasira pembeni yake. Njia ikipanuka na mbele kukiwa kweupe, anapeleka kamio lote upande wa kushoto, lote zima, si nusu. Anampita polepole asimtimulie vumbi. Na hata akishampita, harudi upande wa kulia, ambao kwetu ndio wa kuendeshea, mpaka aseme Salamu Maria moja, tena bila kuikimbiza.

"Baba," nilimwambia siku moja, "kwa mwendo huu tutafika Kaniama tumemaliza rozari nzima."

"Iko muzuri," akajibu bila kunitazama. "Utafika na roho safi."

Mwenda pole hajikwai, wazee husema. Lakini kijana huisikia methali kama anavyoisikia mvua juu ya bati: anajua inanyesha, ila yeye yuko ndani.

Nilipopewa kamio la pili, peke yangu, mafundisho yote yale niliyatupa dirishani. Nilikuwa na mchezo wangu. Nikimwona mwenye kinga kwenye mteremko, naliachia kamio liteleze kimyakimya mpaka nimemkaribia kabisa, halafu hapo, mgongoni pake, napiga honi ndefu. Lo! Ungewaona wanavyoruka. Mmoja aliingia majanini na kinga yake yote. Mwingine aliitupa akakimbia, kofia huku, kiatu kule. Nilicheka mpaka nikatokwa na machozi, na jioni niliwasimulia vijana wenzangu, nao wakacheka. Hakuna aliyeumia, na mimi bahati yangu nikaiita ufundi.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa asubuhi, ninarudi Kamina na magunia ya mahindi. Mbele yangu nikaona mgongo wa mtu. Nyuma ya kinga yake alikuwa amefunga gunia la muhogo mkavu, amelilaza kukingama, pana kuliko mabega yake. Kwenye usukani kilining'inia kibuyu cha mawese. Alikuwa anaendesha ndani ya njia iliyochimbwa na magurudumu ya makamio, kwa sababu hapo udongo ni mgumu. Ukingoni ni mchanga mtupu, na kinga yenye mzigo ikiingia mchangani inazama. Mimi sikuyawaza hayo. Niliuona mchezo wangu tu.

Nikamsogelea. Nikapiga honi.

Yule mtu hakuruka. Aligeuka. Aligeuka kwa utulivu, kichwa na mabega, macho yake yakaja mpaka kwangu, na mkono mmoja ukaachia usukani kama anataka kuuinua. Na kinga, mwanangu, inakwenda anakotazama mwenyewe. Ikaja kushoto, mbele ya kamio langu. Nikakata usukani, lakini kona ya bodi ilikwisha kulishika lile gunia.

Nikuambie la aibu sasa. Sikusimama palepale. Mguu wangu ulibaki juu ya mafuta, na kwa pumzi mbili tatu nilikuwa ninakwenda, ninakwenda kabisa, nimwache pale. Ndipo nikatazama kwenye kioo. Niliona vumbi, na ndani ya vumbi nikaona wekundu umetapakaa barabarani. Nikasimama. Nikashuka nikakimbia kurudi nyuma nikilia "Mama yangu! Mama yangu!" kama mtoto mchanga.

Yalikuwa mawese. Kibuyu kilikuwa kimepasuka. Mwenyewe alikuwa amekaa chini, anaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kifundo kimepinda vibaya, na macho yake yako kwenye gurudumu la mbele la kinga lililojikunja. Alikuwa na umri wa baba yangu. Na mimi, unajua nilimwambia nini? Badala ya pole, nilimfokea. Mtu mwenye hofu na mwenye kosa ana mdomo mkali sana.

"Kwa nini uligeuka? Wewe, kwa nini uligeuka?"

Akainua macho. Hakuwa na hasira. Alionekana kulishangaa swali.

"Uliniita," akasema. "Minyi niligeuka nikuitikie."

Hapo nikaelewa. Maana hata mimi nimelelewa kwetu. Mtu wa Kiluba aliyelelewa vizuri, akiitwa kutoka nyuma, haendelei na safari yake akamwachia mwenzake mgongo. Anageuka, anaonyesha uso, anaitikia kwa heshima, "Eyo, Vidye," yaani ndiyo, Bwana, hata kama hamjui anayemwita. Mama yangu alinichapa mara ngapi kwa ajili ya jambo hilo! Wale waliokuwa wakirukia majanini walikuwa wamekwisha kutuzoea sisi mashofa na upumbavu wetu. Huyu alikuwa mtu wa kijijini ambaye kwake honi ilikuwa ni mtu anaita. Nilikuwa nimemvunja mkono kwa sababu ya adabu yake.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, hiyo unaijua. Lakini methali hiyo haimalizi habari. Mimi ndiye niliyekataa kusikia la mkuu, na kilichovunjika kilikuwa cha mwingine.

Nilimpandisha kwenye kamio pamoja na kinga yake, nikampeleka kwa waganga mjini. Jina lake Numbi. Njia nzima hakulalamika. Walipomfunga mkono kwa plasta na kumwambia asiutumie kwa mwezi na nusu, hapo tu ndipo uso wake ulipobadilika. Akautazama ule mkono mweupe, akasema polepole, "Na soko? Nani atapeleka muhogo?" Mara mbili kila wiki alikuwa anapeleka muhogo Kamina, na nyumba yake yote ilikuwa inakula kwa safari hizo. Mke wake alikuwa na mtoto mgongoni, na mvua ya kulima ilikuwa njiani. Nilisikia vibaya, mwanangu.

Baba Kalenga akapata habari, akaja. Nilijua atanipiga, na nilitamani anipige tuyamalize. Hakunitazama hata kidogo. Alimwendea Numbi, akavua kofia, akapiga goti, akapiga makofi polepole kama tunavyofanya tukiomba radhi kwa mkubwa. Mzee yule akaomba radhi kwa kosa ambalo si lake. Fimbo isingeniuma vile.

Kisha akanyoosha mkono kwangu bila kugeuka. "Lete permi."

Nikaitoa mfukoni. Yeye akaichukua akaiweka katika mkono mzima wa Numbi.

"Tata, hii karatasi njo mukate yake. Ukae nayo. Siku utaona huyu mutoto eko shofa, umurudishie. Kama hauone, washa nayo moto."

"Minyi siyui kusoma," Numbi akasema.

"Hautasoma karatasi. Utasoma muntu."

Ndipo akanigeukia mimi. "Na weye. Ulivunja mukono ya muntu, njo weye utakuwa mukono yake. Kesho unatengeneza kinga. Kesho kutwa unaipanda."

Nilidhani anatania. Baba Kalenga hakuwa mtu wa kutania. Alimwambia tajiri wetu kwamba kamio langu litalala kidogo, na kwamba yeye ataongeza safari zake. Tajiri akanung'unika, lakini alimtegemea mzee yule kuliko alivyojitegemea mwenyewe, akanyamaza. Na mimi nikaenda kijijini kwa Numbi, kando ya barabara ile ile, nimebeba gurudumu jipya la kinga begani.

Mke wake, Mama Mujinga (kwetu Mujinga ni jina tu, si tusi), alikuwa mwanamke mrefu asiyecheka hovyo. Aliichukua permi yangu mkononi mwa mume wake, akaitazama picha yangu yenye kofia ya upande, akanitazama mimi, akarudia picha. Halafu akaenda ndani akaitumbukiza katika kibuyu cha mbegu za maharagwe, akaziba kwa gunzi. "Humu panya hataingia," akasema. Baada ya hapo hakunisemesha kwa majuma mawili. Bukari yangu ililetwa, maana mgeni hanyimwi chakula, lakini sahani iliwekwa chini kwa kishindo.

Safari ya kwanza nilianguka mara tatu kabla ya kutoka kijijini. Watoto walinifuata mbio wakipiga kelele, "Shofa! Shofa!" Hata Numbi alicheka, ameushika mkono wake asije akautikisa. Unacheka na wewe? Cheka tu, ilikuwa ya kuchekesha. Kijana wa mjini, mwenye kamio, amelala katikati ya barabara na muhogo umemfunika.

Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Gunia likikaa nyuma linakuvuta huku na huku, na usukani mbele unakuwa mwepesi, hauna nguvu ya kukusikiliza. Huwezi kusimama ghafla, mzigo utakupita. Ukiwa ndani ya njia ya magurudumu huwezi kutoka upesi, kwa sababu ule ukingo wa mchanga unaliteka gurudumu la mbele na kukutupa chini. Inabidi utafute mahali ukingo ni mfupi, na kutafuta kunataka muda. Kamio likikupita karibu, upepo wake kwanza unakusukuma nje, halafu unakuvuta kwake, kana kwamba limejuta kukuacha. Mawe yanaruka kutoka magurudumuni yanakupiga miguuni. Na vumbi! Unaingia ndani ya vumbi huoni mkono wako, huku unasikia gari jingine linakuja nyuma, nalo halikuoni. Siku hizo Base, ile kambi ya jeshi, ilikuwa inajengwa na barabara zote za Kamina zilikuwa na makamio. Nilikula vumbi mpaka usiku nilikuwa nalitema.

Juma la tatu, kijana mmoja shofa mwenzangu, Kasongo, mmoja wa wale waliokuwa wakinisaidia kucheka jioni, alinikuta kwenye mteremko na kamio la mbao. Sikumsikia. Akaja mpaka mgongoni pangu akapiga honi ndefu.

Na mimi niliyekuwa najua, mimi fundi wa mchezo huo, niligeuka. Mwili uligeuka wenyewe kabla akili haijaulizwa. Nikaenda mtaroni, kinga juu yangu, muhogo huku na huku. Kasongo alitoa kichwa dirishani anacheka. Hakunitambua kwa vumbi nililokuwa nalo. Mkuki kwa nguruwe, mwanangu, kwa binadamu mchungu. Nilikaa mule mtaroni nikalia, nakuambia wazi, na sikulia kwa maumivu. Nilikuwa nauona uso wa Numbi unageuka.

Nilirudi kijijini goti limechubuka. Mama Mujinga akaliona. Alileta maji ya moto na kitambaa, akaniosha mwenyewe, na ile sahani ya bukari jioni hiyo iliwekwa chini bila kelele.

Juma la tano nikasikia honi. Ilikuwa fupi, ilikuwa mbali. Niligeuka, na nilikuwa na nafasi ya kugeuka: kamio lilikuwa bado dogo kule nyuma. Nikainua mkono, nikarudisha macho mbele, nikashika usukani vizuri, nikatafuta mahali ukingo ni mfupi, nikatoka kwenye njia ya magurudumu bila haraka. Nikangoja kupitwa. Sikupitwa. Mbele kulikuwa na daraja la magogo, jembamba, na lile kamio lilikaa nyuma yangu linatambaa, nasikia injini inavyopumua, mpaka nikavuka daraja peke yangu kama chifu. Kisha njia ikapanuka. Ndipo likapita, kushoto kabisa, taratibu. Kati yangu na magurudumu kulikuwa na nafasi ambayo kama ningeanguka mzimamzima, nimenyoosha mikono, kofia yangu isingeguswa. Vumbi lilikuwa dogo. Na lilipokwisha kunipita likaendelea kushoto, kushoto vilevile, mpaka nikaanza kutabasamu, maana nilijua ndani ya kibanda kile mtu anasema Salamu Maria. Likarudi kulia. Ndipo mkono ukatoka dirishani ukanipungia.

Alisimama mbele kidogo akaningoja.

"Umeona?" Baba Kalenga akauliza.

"Nimeona, Baba."

"Umeona nini?"

Nilifikiri. "Umeniachia nafasi ya kuanguka."

Akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni tangu siku ile. "Muntu wa kinga akitaka kuanguka, haiko ruhusa anaomba," akasema. "Anaanguka tu. Weye njo wa kumulindia fasi." Nilidhani sasa atasema nipakie kinga nyuma tuende wote, kwa maana jua lilikuwa kali na soko mbali. Akatia gia. "Enda, muhogo inachelewa," akasema, akaniacha hapo.

Plasta ilipotolewa mvua ilikuwa imekwisha kuanza. Mkono wa Numbi ulikuwa mwembamba, lakini vidole vilifunga na kufungua, na yeye alivifunga na kuvifungua siku nzima akiwaonyesha majirani. Baba Kalenga akaja na kamio langu. Yeye akapanda nyuma, juu ya magunia, mahali ambapo sijawahi kumwona. Mimi nikawekwa kwenye usukani. Numbi akaketi pembeni yangu, upande wa kulia, na mapajani amepakata kibuyu cha mbegu, kile kile, Mama Mujinga amemkabidhi mlangoni na kumnong'oneza neno.

Hatukuenda mbali nikamwona mbele mwenye kinga, na nyuma yake amembeba mke wake, na mke ana mtoto mgongoni. Watatu juu ya magurudumu mawili. Nikapiga honi kutoka mbali, fupi. Mwanamume akageuka, mwanamke akageuka, wakaona, wakarudisha macho mbele. Nikapunguza mwendo. Kulikuwa na dimbwi, halafu kona, nikabaki nyuma. Nilibaki nyuma mpaka nikamsikia Baba Kalenga kule juu anaimba wimbo wa kanisani kwa kuchoka. Kona ikaisha, mbele kweupe. Nikapeleka kamio lote kushoto, nikawapita polepole nisiwarushie matope, nikaanza Salamu Maria kwa sauti. Sikurudi kulia mpaka Numbi aliposema "Amina."

Ndipo akatoa ule mkono wake mwembamba dirishani, akawapungia, akaita kwa nguvu, "Eyo, tata! Mwende muzuri!" Nao walikuwa wanatuona usoni, wakacheka, wakaitikia.

Numbi akaondoa gunzi kwenye kibuyu, akaingiza vidole, akaitoa permi yangu. Akaipuliza vumbi la maharagwe, akaniwekea mapajani.

"Baba," nikamwuliza, "umeniona basi? Niko shofa?"

"Mama Mujinga alisema nikurudishie tangu wiki ilipita," akasema. "Minyi nilitaka kwanza nipande motokari."

Tulicheka mpaka nikasimamisha kamio. Baba Kalenga akagonga paa kutoka juu akiuliza kuna nini, na hatukuweza kumjibu. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya ndoa yangu, na bibi yako asinisikie. Numbi tuliishi naye kama ndugu. Mkono wake ulikuwa ukimuuma kila mvua ilipokaribia, na kila ulipomuuma alinitumia salamu kwamba nitandaze plastiki juu ya mahindi.

Basi sikia, mwanangu, niliyokuitia. Honi si ya kumfukuza mtu. Ni ya kumwambia uko njiani. Ipige mbali, mahali anapoweza kugeuka na kurudi kwake kabla hujafika, na ukimkaribia nyamaza. Usimwite mtu mgongoni. Kama unataka kumsalimia, mpite kwanza, msalimie uso kwa uso. Njia ikiwa nyembamba, ikiwa na kona au daraja, au gari linakuja mbele, kaa nyuma yake. Hakuna aliyekufa kwa kukaa nyuma ya kinga, ingawa wapo waliokufa kwa kuichoka. Ukimpita, peleka gari kushoto, lote zima, umwachie nafasi ya mtu kuanguka, kwa sababu hujui mzigo wake, wala shimo aliloliona yeye na wewe hukuliona. Vumbi lako usimlishe. Na usirudi upande wake mpaka umesema Salamu Maria. Kama huisali, imba chochote, lakini kiwe kirefu.

Permi yangu hii hapa. Karatasi imekwisha kuwa njano na picha imefutika, mimi mwenyewe sijioni. Lakini inuse. Umesikia? Maharagwe. Mpaka leo.

Sasa lete yako.

Lete, usinitazame hivyo. Kibuyu kile pale kwenye rafu, na panya hawaingii humo. Kinga yangu iko ukutani, mnyororo nimeutia mafuta asubuhi kabla hujaja, na gunia la muhogo la mama yako liko mlangoni linasubiri mtu wa kulipeleka. Majuma mawili tu, mimi sina ukali wa Baba Kalenga.

Na mkono wangu huu ninauweka juu ya kichwa chako. Vidye aliyetuumba akutangulie barabarani na akufuate nyuma. Akupe gari zuri, na akupe subira ya kuliendesha. Na kila mtu utakayempita katika maisha yako, mwanangu, afike kwake salama, aegemeze kinga yake ukutani, ale bukari na watoto wake, na asiwe na la kusimulia juu yako.